Unga wa Mradi

Nyamizi alikuwa mponda kokoto katika mradi wa serikali wa kaya maskini. Kadi ya mradi ilimruhusu kuchukua unga kwenye duka moja tu, la Shomvi. Asubuhi moja aliurudisha mfuko aliopewa. Unga ulikuwa umeota ukungu wa kijani.

“Nibadilishie, Bwana Shomvi. Wanangu wanatapika tangu jana.”

“Unga wa bure haurudishwi.”

“Nani kakwambia wa bure? Nimeupondea mawe. Nina haki ya kubadilishiwa kama mnunuzi yeyote.”

Shomvi akainyakua kadi yake, akaivunja vipande viwili. Nyamizi akapanda juu ya kaunta. Shomvi akampiga kwa jiwe la mizani mdomoni, jino likang'oka. Nyamizi hakurudi nyuma. Alimkaba kwa mikono iliyozoea nyundo, akamwangusha sakafuni, akachota ule unga na kumshindilia kinywani.

“Kula! Si umesema haurudishwi? Kula!”

Shomvi alipaliwa, macho yakamtoka, visigino vikapiga sakafu. Nyamizi akazidi kushindilia, damu yake ikichuruzika juu ya unga.

Wanawake waliokwisha kupokea mifuko yao walikuwa wamesimama mlangoni. Hakuna aliyewaamulia. Mmoja wao alifungua mfuko wake, akanusa ukungu, akachota konzi ya unga, kisha akaingia nyuma ya kaunta.