Viatu Vinavyojua Njia

Chuoni kwao Namsifu hapakuwa na gari hata moja. Kila mwanafunzi alivaa viatu vya chuo, navyo vilimbeba mpaka darasani, kantini na bwenini, huku yeye akisoma au akisinzia. Muhula mzima Namsifu alivifurahia.

Asubuhi hiyo vilikuwa vikimpeleka maabara alipotazama chini bondeni, akamwona mama yake getini na kikapu kichwani. Hakumtarajia. Aliviamuru vigeuke, vikakataa, kwa kuwa alikuwa na kipindi. Basi akavivua, akaviacha viende vyenyewe, akateremka mlima mbio, miguu peku, nyasi zikimtekenya nyayo, akicheka peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema akihema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona peku?"

"Nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe."

Wakakumbatiana, wakacheka.

"Haya, nipeleke chumbani kwako nikapumzike."

"Twende," alisema Namsifu kwa furaha, akampokea kikapu.

Mbele yao njia zilipanda mlimani, nyingi, zote zimefanana. Alitazama moja, akatazama nyingine. Mama alisubiri. Namsifu hakujua ni ipi iliyokwenda bwenini kwake.