Saini ya Mwalimu Adia

Mwalimu Adia alikuwa ameshauinamia mkataba, hodi ikapigwa kwenye mlango wa ofisi yetu ya shule, hapa Landover, Marekani.

"Saini kwanza," afisa wa kaunti akamhimiza.

Sheria mpya ya jimbo ilimpa mwalimu mkuu kama Adia njia mbili. Abaki na ajira yake ya kudumu, au asaini mkataba: mshahara mnono na ruhusa ya kujichagulia walimu, ila wanafunzi wakifeli mtihani wa jimbo, anaondolewa.

Karani ni mimi, kwa hiyo nilifungua. Aliingia mama wa Kikongo na mabinti zake watatu.

"Bonjour. Batoto bangu habajue Kingereza," akasema.

Nilipomtafsiria afisa kuwa watoto hawajui Kiingereza, ila Kifaransa tu, alikunja uso. "Wapeleke shule nyingine. Hawa watakuangusha kwenye mtihani."

Mwalimu Adia, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na anayekiongea kama anasoma risala, alisimama, akampisha mama kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akampa ileile kalamu aliyotaka kusainia mkataba, yenye mfuniko uliotafunwa hadi ukapasuka, asaini fomu ya kuwaandikisha wanawe.

"Karibuni sana shuleni kwenu," alisema.

Kalamu iliporudi, aliusaini mkataba akiwa bado amesimama.

"Haya," akaniambia, huku akimtazama afisa. "Ruhusa sasa ninayo. Nitafutie mwalimu anayejua Kifaransa."