Mche wa Kusemeshwa

Fundi friji alivuta kiti hadi dirishani, akakohoa kidogo, akauamkia mche wa maharage.

"Mwanangu, hujambo?" alisema, kisha akanyamaza kama alivyoelekezwa. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la mche, inarekodi. "Leo nimeshinda na friji ya duka la kona. Haigandishi. Kumbe panya wametafuna waya. Sijui walikuwa wanatafuta baridi."

Alijiona mjinga. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa na binti yake, na mambo ya shule hayana mchezo.

Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, shule ya bweni. Kila mwanafunzi wa mwaka huo alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe, mada achague yeye, na alama zake zingeingia kwenye matokeo ya mwisho. Likizo ilipokwisha, alimletea baba yake makopo mawili yenye miche. Mmoja ukae sebuleni, usemeshwe kila siku. Wa pili ukae stoo, upewe maji yaleyale lakini usiambiwe neno. Mwisho wa muhula ingejulikana kama sauti ya mtu inakuza mmea.

"Uuite mwanangu," binti alimwagiza. "Na ukiuliza swali, nyamaza kidogo ndipo uendelee. Mmea nao unahitaji nafasi."

Kisha amtumie sauti hiyo kwa simu, kwa kuwa jioni ndipo wanafunzi waliporuhusiwa kushika simu zao. Sauti ndiyo ushahidi, alisema.

Baba aliuliza kwa nini hiyo kazi asipewe mtu mwenye maneno. Mwenye maneno katika nyumba ile alikuwa mama, na mama walikuwa wamemzika.

"Upo wewe tu, baba," binti akajibu.

Tangu msiba, wawili hao walikuwa wakipishana mlangoni kama wapangaji. Hawakugombana. Maneno yalikauka tu. Alipompigia simu shuleni alimwuliza kama amekula, binti akasema amekula, naye akasema haya, halafu kila mmoja akabaki anasikiliza pumzi za mwenzake mpaka mmoja akate. Mwisho aliacha kupiga. Aliona anamsumbua mtoto bure.

Kwa mche ilikuwa rahisi zaidi. Mche haukumtazama kwa macho ya marehemu. Mwanzoni aliupa habari za friji na za mvua. Jioni moja akajikuta anaueleza alivyounguza mayai, na jinsi marehemu angemcheka mpaka akae chini. Akasimulia walivyokutana, yeye ana masizi uso mzima bila kujua, na yule msichana akamwacha aringe weee, asimwambie kitu.

"Nyumba imepoa, mwanangu," alisema siku nyingine. "Wewe umelala vizuri?" Akanyamaza. "Haya. Mimi sikulala sana."

Kila alipotuma sauti alijibiwa neno moja tu: imefika. Hakuna siku aliyoulizwa mche umefikia urefu gani.

Kilichomshinda ni mche wa pili. Ulikaa stoo katikati ya makasha ya vipuri, shingo imepinda kuelekea kwenye kidirisha. Alikuwa akiumwagilia maji huku ameuma midomo. Asubuhi moja uvumilivu ulimwisha. Akainama, akaunong'oneza, "Pole," akatoka haraka kama mwizi. Kesho yake akarudia. Haikupita muda, akawa anaupigia soga kuliko hata ule wa sebuleni.

Miche yote miwili ikapanda sawasawa, majani mapana. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka: amemharibia mtoto utafiti wake.

Siku wazazi walipoalikwa kwenye maonyesho ya tafiti, alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, akayapakata makopo yote mawili ndani ya basi. Alikuwa ameshaamua kumweleza mwalimu ukweli, ili kosa liwe lake na si la binti.

Ukumbi ulijaa meza. Mwalimu msimamizi alimpokea vizuri, akamwambia binti yake ametumwa kuleta viti na angerudi sasa hivi, akamwongoza hadi kwenye meza iliyokuwa pembeni. Hapakuwa na mmea wowote. Palikuwa na chupa zilizopangwa kwa mstari, ndani yake misumari imezama kwenye maji, mingine imeshika kutu, mingine bado inang'aa.

"Hii si meza yake," fundi alisema.

"Ni yake, mzazi. Mwaka mzima amechunguza kutu ya mabomba ya maji. Kazi safi sana."

Fundi akaeleza habari ya maharage, ya kusemeshwa, na kosa lake la kule stoo. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, mara amwangalie yeye, mara ayaangalie makopo. Mwishowe alisema kwa upole kwamba hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyetafiti maharage.

Kwenye meza ya jirani, msichana aliyekuwa akibandika picha zake ukutani aligeuka kama mtu aliyeitwa. Akamkazia macho fundi, ambaye hakuwahi kumwona maishani.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nimekutambua kwa sauti. Mimi nalala kitanda cha juu ya binti yako; nakusikia ukimwuliza, naye akikujibu. Bwenini sote tunamwonea wivu: hakuna baba mwingine anayempigia mwanawe simu kila jioni."