Debe la Mbegu

Kwa wiki mbili Ngwali alikuwa akimlisha farasi wake jike mahindi ya mbegu ili apate joto la kupandwa, maana dume pekee aliyebaki mjini alikuwa anaondoka leo. Sasa alimmiminia debe la mwisho.

"Tutapanda nini, Baba Shekue?" mkewe aliuliza.

"Kwani kuna mvua?"

Dume aliposogezwa, jike alirusha mateke, debe likapinduka.

"Ukame umemkausha," mwenye dume alisema. "Hawa husubiri mvua na majani mabichi." Akavuta kamba, wakaondoka.

Walikuwa wameshapotelea barabarani tone zito lilipogonga bati la debe, kisha jingine. Mkewe Ngwali alipiga magoti, akaanza kuokota punje zilizomwagika mavumbini.

Jike aliinamisha shingo, akala punje hizo mkononi mwake.