Kiganja Kilichofutwa

Siku hizo mbegu haikuota ila ipandwe na mtu ambaye kiganja chake kimesajiliwa serikalini. Akipanda mwingine, ilioza ardhini.

Habonimana aliijua sheria hiyo kuliko yeyote. Alivuka mpaka na jembe begani, akalima mihogo kwenye miteremko ya Kasulu miaka ishirini, hadi akapewa uraia na kiti cha Mkurugenzi wa Kilimo wa taifa zima. Lakini waheshimiwa hawakuacha kumsengenya kwamba mgeni anawabeba wageni wenzake. Ili kuwaziba midomo, alitia saini agizo la kufuta viganja vya wahamiaji wote wasio raia.

Wiki iliyofuata mkewe, Spesioza, ambaye hakuwahi kupata uraia, alimwita bustanini nyuma ya nyumba. Alifukua maharage aliyopanda. Yote yalikuwa yameoza.

"Baba Evarista, umenifuta na mimi?"

"Ningekuacha wewe, wangesema napendelea wangu."

"Na sasa wameacha kusema?"

Habonimana alivua koti, akapiga magoti, akapanda upya mstari mzima kwa mikono yake. Siku ya sita maharage yakachomoza, yamenona. Spesioza aliyang'oa moja moja, akawatupia mbuzi wa jirani.

Mchana alimtengea mumewe ugali, akamnawisha mikono kwa adabu zote, kisha akaenda kuketi mlangoni.

"Karibu chakula, Mkurugenzi," alisema.

Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina la mtoto wao.