Mawingu ya Jumamosi

Papa Abedi alishuka kilimani mbio, kanzu ameikunja hadi magotini. Alipowaona watu wakimngoja chini, akapunguza mwendo.

"Umeuona?" Shehe Sulemani aliuliza.

Jumamosi ile ya Aprili 1958 ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Mwezi ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, Waislamu wa Kalemie wangefunga siku moja zaidi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na Papa Abedi peke yake ndiye aliyepanda. Macho yake yalikuwa kalenda ya mtaa.

Alijifuta matope miguuni kwanza.

"Mawingu," alisema.

Watu waliguna. Shehe akatangaza kwamba watatimiza thelathini.

Mwavita, mke wa Papa Abedi, alimfuata mumewe hadi nyumbani. Kesho yake mchana, mtoto wao wa mwisho, Husseini, angecheza mbele ya wachaguzi. Serikali ilikuwa inatafuta vijana wa timu ya jimbo. Wangekaa Élisabethville, mji mkuu wa jimbo, wapewe viatu, chakula na mshahara, wafundishwe mpira kama kazi. Husseini hakuwa na ndoto nyingine.

Célestin, karani wa michezo, alikwisha kusema wazi. "Wachaguzi wanapanda treni Jumatatu. Siahirishi mechi kwa sababu ya tumbo la muntu."

"Kama si Idi, nitacheza na saumu," Husseini alimjibu.

"Kunywa maji, kijana. Mungu si refa."

"Ndiyo maana namwogopa. Refa simwogopi."

Baada ya futari, Husseini alipotoka, Mwavita alisogea karibu na mumewe.

"Papa Husseini, mutoto ataanguka kesho. Rudi kwa Shehe. Sema uliuona kidogo tu, ukafichwa. Nani atakukatalia?"

"Unataka niwadanganye watu juu ya mwezi?"

"Nataka mutoto wangu akule."

Papa Abedi aliinuka, akatoka nje, akarudi. Akakaa. Akainuka tena, akasimama mlangoni akitazama upande wa stesheni.

"Bilali alipanda treni hiyohiyo," alisema.

Bilali, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amekwenda Élisabethville kutafuta kazi. Tangu hapo hakutuma hata salamu.

"Husseini si Bilali. Huyu anaitwa na serikali."

"Njo hiyo, ndiyo shida yenyewe," alisema Papa Abedi, akatoka tena.

Mwavita hakumwelewa. Serikali ilipoleta mipira, nyavu na jezi kwa kila mtaa, Papa Abedi ndiye aliyewakusanya wanaume kung'oa visiki uwanjani. Jioni alikuwa akienda kuwatazama watoto wa msikiti na watoto wa misioni wakigombea mpira mmoja, akicheka peke yake. Tangu Célestin alipokuja na habari za timu ya jimbo, hakuwa amekanyaga tena pale.

Jumapili alfajiri alioga maji ya baridi, akavaa kanzu safi, akaenda kwenye chumba chake cha ushonaji. Mwavita alipopita akielekea sokoni, aliukuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga.

"Niache kidogo, Mama," sauti ya mumewe ilijibu.

Alidhani analia. Akaenda zake.

Mchana uwanjani, kipindi cha kwanza, Husseini alicheza kama mtu aliyeota mabawa. Beki wa timu pinzani, ya mtaa wa Katanika, alimkosa mara ya kwanza, akamkosa ya pili, na ya tatu akabaki amekaa kwenye nyasi.

"Beki, omba kiti kabisa!" mama mmoja alimpigia kelele, na uwanja mzima ukacheka. Wachaguzi pia walicheka.

Kipindi cha pili mawingu yaliondoka na jua likawaka. Husseini alianza kutembea pale alipopaswa kukimbia. Célestin alikuja hadi kwenye mstari na kopo la maji, akamnyooshea. Husseini alilitazama kopo lile kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa.

Haukupita muda akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Msuli wa paja ulikuwa umekaza, na alikuwa ameuma mkono asilie.

Papa Abedi aliingia uwanjani hatua mbili, mdomo wazi kama mtu anayetaka kuita. Akasimama. Kisha akarudi kwenye mstari.

Mechi ilipokwisha, wachaguzi waliteta, Célestin akasoma jina moja tu. Edmond, wa Katanika.

Familia ilirudi nyumbani, Husseini akichechemea katikati yao. Mwavita alitandika mkeka uani, akaweka tende na maji. Wakaketi wakingoja jua lizame.

"Usihuzunike, mutoto wangu," Mwavita alisema. "Mwaka kesho watakuja tena."

"Sihuzuniki, Mama." Husseini alimgeukia baba yake. "Jana nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia Mama alivyokuomba. Ungesema neno moja tu, ningekula leo. Lakini hukukubali kudanganya, hata kwa ajili yangu. Wote mtaani wanajua Papa yangu ni muntu wa aina gani."

Adhana ya magharibi ikasikika.

Husseini, midomo imepasuka kwa kiu, alijaza kikombe akamwekea baba yake mikononi kabla yeye mwenyewe hajagusa kitu.

"Fungua wewe kwanza, Papa."

Papa Abedi hakuwa na saumu ya kufungua. Alikuwa amekula tangu asubuhi, nyuma ya mlango uliofungwa, kwa sababu kufunga siku ya Idi ni haramu.