Bakuli la Kibla

Bi Mgeni, jirani wa ukuta kwa ukuta, anasema msikiti ulipojengwa kila nyumba ilitoa kitu. Marehemu mama wa Mwanakheri hakuwa na kingine cha kutoa, akapeleka bakuli lake la kaure, likapachikwa ukutani juu ya kibla.

"Nanyi mkawa mnakula kwenye kifuniko cha sufuria," Bi Mgeni alicheka. "Wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo mno."

Kifuniko Mwanakheri alikikumbuka vizuri. Sura ya mama ndiyo iliyomtoka akilini.

Aliposikia msikiti unapakwa chokaa upya, alichukua birika la maji akaenda kusimama kwenye dirisha lililo karibu na kibla. Ndani, Fundi Shee alikuwa juu ya ngazi akikwangua. Chokaa kuukuu ilibanduka, na ukingo wa buluu wa bakuli ukachungulia.

"Fundi, hilo lilikuwa la mama yangu."

"Mji huu kila mtu ana chake humu, dada," Fundi Shee alisema bila kugeuka. "Jana kuna mzee kaja kunidai nguzo."

"Mimi sidai. Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi."

"Basi niache nipake," alisema akichota chokaa mbichi kwa mwiko. "Nimeambiwa nifunike ukuta wote."

"Paka, fundi. Lakini kwanza niruhusu niingie nilioshe. Mara moja tu."

Fundi Shee aligeuka. Mwiko ulibaki hewani, chokaa mbichi ikidondoka sakafuni. Mwanakheri alikuwa ameshaweka birika dirishani, na mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko.